Mwenye Haki Anapojizuia

Mmarekani anayeshindwa kulipa rejesho la nyumba huletewa barua yenye neno ambalo hatalisikia sokoni, kazini wala kwenye mpira. Neno hilo ni forbearance. Limezaliwa na kitenzi cha kale, forbear, ambacho Waingereza wa leo wamekiacha kabisa katika maongezi ya kila siku. Watu wa karne ya 17 walikitumia kwa wepesi. Anayekitamka leo huonekana kama anaigiza tamthilia. Hata hivyo hakijafa. Kimehamia benki na mahakamani, kwenye nafasi ambayo mtu mmoja ana uwezo wa kumwumiza mwenzake kihalali, na sheria inalazimika kukipa jina kile anachofanya anapoamua kutomwumiza.

Maana yake si subira tu. Anayengoja basi ana subira, lakini hana cha kujizuia nacho. Kitenzi hiki kinamtaka mtu awe na haki au nguvu mkononi, kisha aamue kutoitumia. Mdai mwenye hukumu ya mahakama asiyempeleka dalali mlangoni kwa mdaiwa anakitenda. Mwenye nyumba aliyeona mpangaji wake amepoteza kazi, akaacha kupandisha kodi ingawa mkataba unamruhusu, anakitenda pia. Mnyonge aliyenyamaza kwa sababu hana la kufanya, huyo hakitendi, hata kama ukimya wao unafanana.

Katika kanisa la Holy Trinity, mjini Stratford-upon-Avon, jiwe la kaburi la William Shakespeare lina mistari minne na halina jina. Mstari wa kwanza unakitumia kitenzi hicho kumwomba mpita njia asichimbe mavumbi yaliyo chini yake. Shakespeare alifariki mwaka 1616, zama ambazo mifupa ya zamani ilifukuliwa ili kupisha maiti wapya, kwa hiyo ombi lilielekezwa kwa watu wenye majembe na mamlaka ya kuyatumia. Wataalamu walioruhusiwa kulipima kaburi hilo kwa rada, bila kugusa udongo, walitangaza mwaka 2016 kwamba wameona dalili kuwa upande wa kichwani uliwahi kuvurugwa. Miaka 400 ya heshima, na bado inaelekea kuna mkono mmoja ambao haukujizuia.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inakitumia kitenzi hicho mara nyingi, ikiwemo pale Paulo anapowataka Waefeso waishi pamoja kwa upendo. Waliotafsiri Biblia ya Muungano kwa Kiswahili waliona hapo kitendo cha kuchukuliana, na walilenga vizuri, kwa maana hata katika Kiingereza mzizi wa neno ni kubeba. Anayejizuia anabeba kitu. Anabeba hasara ya muda, ya fedha, wakati mwingine ya hasira. Swali zito, ambalo mahakama za Uingereza na Marekani zimelihangaikia kwa karne kadhaa, ni kama mzigo huo una thamani mbele ya sheria.

Jibu lililo maarufu kuliko yote lilitoka New York. Machi 1869, familia ya Story ilikusanyika kusherehekea ndoa iliyotimiza miaka 50. Mbele ya jamaa na wageni, William Story alimwahidi mtoto wa ndugu yake, kijana wa miaka 15 aliyeitwa jina lake, kwamba angempa dola 5,000 iwapo angejizuia kunywa pombe, kuvuta tumbaku, kutukana, na kucheza karata au biliadi kwa fedha hadi atimize miaka 21. Kijana alikubali. Alipofikisha umri huo, Januari 1875, alimwandikia ami yake kwamba ametimiza sharti.

Jibu la ami ni barua ya kugusa moyo. Alikiri kwamba fedha ni za kijana, tena ziko benki, lakini akamsimulia jinsi alivyozipata dola zake 5,000 za mwanzo: alisukuma randa ya useremala siku nyingi, akafanya kazi ya uchinjaji kwa miaka mitatu minne, kisha akaajiriwa katika duka la vyakula alilolifungua mapema na kulifunga usiku, akilala peke yake ghorofa ya nne. Hakutaka kijana azipate kabla hajajua kuzitunza. Wakaelewana zibaki kwake, na faida juu. Mwaka 1887 ami akafariki kabla hajazitoa.

Msimamizi wa mirathi, Franklin Sidway, alikataa kulipa. Haki ya kudai ilikuwa imehamia kwa Louisa Hamer, na kesi ikabeba jina lake. Hoja ya Sidway ilikuwa na mantiki: kijana hakupoteza chochote, alijinufaisha mwenyewe kwa kuacha pombe na tumbaku, na ami naye hakupata kitu. Ahadi isiyonunuliwa kwa kitu, kwa mujibu wa sheria ya Kiingereza, haimfungi mtu. Mahakama ya kati ilimkubalia.

Mahakama ya Rufani ya New York ilitengua uamuzi huo Aprili 1891. Jaji Alton Parker, yule ambaye mwaka 1904 aligombea urais wa Marekani akashindwa na Theodore Roosevelt, aliona kwamba kijana alikuwa na haki ya kisheria ya kuvuta na kunywa, na alikuwa ameshafanya hivyo mara kadhaa kabla ya ahadi. Kuiacha haki hiyo kwa miaka yote ile, kwa kuitegemea ahadi ya ami, kulitosha kuwa bei. Haikuwa lazima kupima kama ami alifaidika. Wanafunzi wa sheria wa Marekani husoma hukumu hiyo mwaka wa kwanza hadi leo, na wanastahili kuisoma, kwa sababu inamheshimu mtu aliyejinyima kimya kimya na kumhesabia kujinyima huko kama kazi.

Miaka 38 kabla yake, mahakama ya Uingereza ilikuwa imemkatalia mtu mwingine. Katika kesi ya White na Bluett ya mwaka 1853, mtoto alidai kwamba baba yake aliahidi kumfutia deni ikiwa ataacha kumlalamikia kuhusu mgawo wa mali. Majaji walisema mtoto hakuwa na haki ya kumsumbua baba kwa malalamiko, hivyo kuyaacha hakukuwa kujizuia. Uamuzi ni mkali, lakini unaonyesha vizuri mpaka wa kitenzi chenyewe: pasipo haki, hakuna cha kuachia.

Mpaka hapo sheria inaeleweka. Kasoro yake inaonekana pale anayejizuia anapofanya hivyo bure.

Mwaka 1875 Julia Beer alipata hukumu ya kulipwa pauni 2,090 na shilingi 19 na Dakta John Foakes. Daktari hakuwa nazo. Mwaka uliofuata walitia saini makubaliano: alipe pauni 500 papo hapo, kisha pauni 150 kila nusu mwaka hadi deni liishe, na mama huyo hatachukua hatua yoyote mahakamani. Foakes alilipa. Alilipa kila awamu kwa miaka kadhaa mpaka mwisho. Ndipo Beer akarudi kudai riba iliyolimbikizwa muda wote huo, zaidi ya pauni 300. Mwaka 1884 Mabwana wa Bunge la Uingereza, wakiwa ndio mahakama ya juu kabisa, walimpa ushindi. Kwa nini? Kwa sababu Foakes hakumpa chochote kipya ili anunue uvumilivu wake. Alilipa tu deni ambalo tayari lilikuwa linamwajibisha. Walitegemea kanuni ya mwaka 1602 iliyosema kwamba mdai akipokea farasi, mwewe au joho badala ya deni, deni limekwisha, lakini akipokea fedha pungufu bado anaweza kudai salio. Bwana Blackburn, mmoja wa majaji hao, alikuwa na mashaka makubwa, kwani alijua wafanyabiashara kila siku huona ni afadhali kulipwa sehemu leo kuliko kungoja yote kesho. Hata hivyo hakupinga.

Hukumu hiyo haikuwa ya haki, na kuwa maarufu hakuifanyi kuwa ya haki. Mtu aliambiwa kwa maandishi kwamba hatabanwa. Akapanga maisha yake kwa kulitegemea neno hilo, akatimiza upande wake kwa uaminifu, halafu akaadhibiwa kwa kuliamini. Sheria inayomruhusu mdai kuutoa uvumilivu kwa mkono wa kulia na kuunyang'anya kwa wa kushoto inamfundisha mdaiwa asiamini chochote, na mdaiwa asiyeamini chochote hana sababu ya kuhangaika kulipa.

Waingereza wenyewe walianza kuirekebisha. Mwaka 1937 kampuni moja iliipangisha kampuni nyingine jengo zima la fleti liitwalo High Trees, mtaa wa Clapham, London, kwa pauni 2,500 kwa mwaka. Vita vikaja, wapangaji wa fleti wakatawanyika, na mwaka 1940 mwenye jengo akakubali kwa maandishi kupokea nusu, pauni 1,250. Hakulipwa kitu kwa hisani hiyo. Mwanzoni mwa 1945 fleti zilikuwa zimejaa tena, na kodi kamili ikadaiwa. Jaji Alfred Denning alisema mwaka 1946 kwamba kodi kamili inalipwa tangu hali iliporejea, lakini nusu iliyosamehewa wakati wa vita isingeweza kudaiwa tena, kwa kuwa mpangaji alilitegemea neno la mwenye jengo. Maneno hayo ya mwisho hayakuhitajika ili kuamua kesi, na bado yameathiri sheria ya mikataba kuliko hukumu nyingi zilizohitajika.

Msomaji wa Dar es Salaam anayedhani haya ni ya Ulaya tu afungue Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345. Asili yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo utawala wa Waingereza uliivusha Bahari ya Hindi na kuileta Afrika Mashariki. Ndani yake, kujizuia kutenda jambo kwa ombi la mtu mwingine kumehesabiwa waziwazi kuwa bei halali ya ahadi, sawasawa na kutenda. Na pale ambapo Uingereza ilimtupa Dakta Foakes, walioiandika sheria ya India walikuwa tayari wamechagua njia nyingine: mdai anaweza kusamehe deni lote au sehemu yake, au kuongeza muda wa kulipa, bila kulazimika kupokea kitu kipya. Mfano uliowekwa katika sheria ya India ni wa mtu anayedaiwa rupia 5,000, akalipa 2,000, mdai akazipokea kuwa ndio mwisho wa deni. Limekwisha.

Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania Bara, ilipojitungia sheria yake mwaka 1961 iliufuata mkondo huo. Kenya, mwaka huohuo, iliiacha sheria ya India na kuchukua ile ya Uingereza, na pamoja nayo kanuni iliyomshinda Foakes. Watu wawili wanaodaiwa kiasi kilekile, mmoja Namanga ya upande huu na mwingine wa upande ule, wanaanza na kinga tofauti. Ni jambo ambalo wanasheria wanalijua na wakopaji wengi hawajawahi kuambiwa.

Wapo pia wadhamini, na hao ndio wanaoumia zaidi kwa kutojua. Mwalimu anamdhamini mwenzake kwenye SACCOS, mwenzake anaacha kulipa, miezi inapita, hakuna simu wala barua. Mwalimu anajiambia wamemsahau, au muda umemwondolea mzigo. Sheria haisemi hivyo. Mdai kukaa kimya tu, akachelewa kumshtaki mkopaji, hakumwachii mdhamini. Lakini mdai akifunga mapatano na mkopaji ya kumpa muda au kutomshtaki, na mdhamini hakuridhia, mdhamini amefunguliwa. Tofauti kati ya ukimya na mapatano inaweza kuwa tofauti kati ya kubaki na kiwanja na kukipoteza. Ndiyo maana fomu nyingi za udhamini huwa na kifungu, mara nyingi kwa herufi ndogo, kinachomfanya mdhamini aridhie mapema nyongeza yoyote ya muda. Kifungu hicho kingepaswa kusomwa kwa sauti mbele ya anayetia saini.

Turudi kwenye barua ya yule Mmarekani. Machi 2020, janga la korona lilipofunga biashara, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowapa wenye mikopo ya nyumba inayoungwa mkono na serikali kuu haki ya kusimamisha marejesho kwa siku 180, na kuomba nyingine 180. Ilitosha mkopaji kusema kwamba ameathirika. Mkopeshaji hakuruhusiwa kuongeza ada, adhabu wala riba zaidi ya ile ambayo ingekuwepo kama angelipa kwa wakati. Kwa mikopo ya wanafunzi iliyo mikononi mwa serikali hiyo, riba ilishushwa hadi sifuri na kubaki hapo hadi Septemba 2023. Huko neno la kale lilirudishiwa maana yake. Mwenye nguvu alikuwa na haki ya kubana, na hakubana.

Lakini kabla ya hapo, katika mikopo hiyohiyo ya wanafunzi, neno hilo lilikuwa limegeuzwa. Mkopaji aliyekwama aliambiwa kwenye simu kwamba anapewa mapumziko. Riba haikupumzika. Iliendelea kuhesabiwa kila siku, na mapumziko yalipokwisha iliweza kuingizwa ndani ya deni la msingi, kisha nayo ikazaa riba. Hesabu ni nyepesi, hata tukiifanya kwa shilingi: mkopo wa shilingi milioni 10 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka hukusanya riba ya 900,000 katika miezi sita. Ikiingizwa kwenye deni, mkopaji anarudi kazini akidaiwa milioni 10.9, na riba ya mwezi imepanda kutoka 150,000 hadi 163,500. Amepumzika, na amerudi maskini zaidi.

Januari 2022, wanasheria wakuu 39 nchini Marekani walifikia suluhu ya dola bilioni 1.85 na kampuni ya Navient, iliyokuwa ikisimamia mikopo ya wanafunzi. Mojawapo ya madai yao ni kwamba wakopaji walisukumwa kwenye mapumziko ya aina hiyo ilhali kulikuwa na mipango ya kulipa kulingana na kipato, ambayo ingewafaa zaidi. Kampuni ilikana kutenda kosa. Sehemu kubwa ya suluhu, dola bilioni 1.7, ilikwenda kufuta mikopo ya wanafunzi isiyo ya serikali, na wakopaji wapatao 350,000 walitengewa fidia ya takriban dola 260 kila mmoja kwa ajili ya mapumziko ya muda mrefu waliyowekwa. Dola 260 kwa miaka ya riba iliyozaa riba ni kidogo mno.

Msimamo wa kueleweka ni huu: mkopeshaji anayeacha kudai rejesho la mwezi lakini haachi kuhesabu riba juu ya riba hajajizuia. Ameuza muda. Kuuza muda si haramu mbele ya sheria za nchi, na mkopaji anaweza kuununua kwa hiari, lakini aambiwe kwamba ananunua na aambiwe bei.

Afrika Mashariki nayo ilipita njia hiyo. Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya iliruhusu mabenki kuwaongezea muda wakopaji walioathiriwa na janga, na utaratibu ulipofikia kikomo mwaka mmoja baadaye, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki ilikuwa imepangwa upya. Benki Kuu ya Tanzania nayo, Mei 2020, ilizitaka taasisi za fedha zizungumze na wakopaji na kuzipa nafasi ya kupanga marejesho upya. Zilikuwa hatua njema na ziliokoa biashara. Ila kwa mwenye hoteli ndogo ya Bwejuu au daladala mbili za Mbagala, barua ya kupangiwa upya ilikuja na ukurasa wa lugha ya kibenki, mara nyingi kwa Kiingereza, na maswali yake ya msingi yakabaki bila jibu.

Chini ya mabenki kuna dunia nyingine ya mikopo, ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Huko kujizuia hakupo hata kwa jina. Siku moja ya kuchelewa inatosha jirani, bosi na mkwe kupokea ujumbe kwamba fulani ni tapeli. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zimekataza vitisho na kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ni mwanzo mzuri, na unastahili kusukumwa mbele, kwa sababu programu iliyofungwa leo hufunguliwa kesho kwa jina jingine.

Jamii ya pwani haihitaji kuletewa wazo hili kutoka New York. Aya ya 280 ya Suratul Baqara imewaagiza Waislamu kwa karne nyingi kumpa mdaiwa aliye katika dhiki muda mpaka apate wasaa, na ikaeleza kwamba kumsamehe ni bora zaidi.  Kilichokosekana ni daraja kati ya agizo hilo na fomu inayosainiwa leo kaunta ya benki.

Daraja hilo linaweza kujengwa na Benki Kuu kwa waraka mmoja. Kila barua ya kumwongezea mkopaji muda iandikwe kwa Kiswahili, ioneshe kwa shilingi deni lilivyo leo na litakavyokuwa siku ya kuanza kulipa tena, iseme kama riba ya kipindi hicho itaingizwa kwenye deni la msingi au la, na nakala imfikie mdhamini kabla hajafungwa na nyongeza hiyo. Mkopeshaji aliyeandika kwamba hatadai kitu fulani asiruhusiwe kukidai baadaye kutoka kwa mtu aliyelipa kwa kuitegemea barua yake. Kwa Tanzania Bara sehemu kubwa ya haya tayari ina mzizi ndani ya Sura ya 345. Kenya itahitaji Bunge lake liamue kama linataka kuendelea kuishi na kivuli cha Julia Beer, zaidi ya miaka 140 tangu ashinde kesi yake.